Umeme Umerudi

Umeme ulikatika Sikitu akipiga pasi shati la mumewe juu ya kitanda. Alisubiri mpaka akachoka. Mwanawe, Riziki, alipopitiwa na usingizi kando ya shati lile, Sikitu alifunga mlango kwa ufunguo, akajitwika debe la mahindi na kukimbilia mashineni kuwahi foleni.

Alifika wa kwanza, na wanawake waliomfuata wakakalia madebe yao, wakiulaani mgao wa umeme. Ghafla mashine ikanguruma. Vigelegele vikapigwa, na Sikitu akawashinda wote kwa sauti.

"Mama Riziki, zamu yako! Mwaga mahindi!" msagaji alimwita.

Sikitu hakusogea. Alikuwa akiutazama ufunguo kiganjani.

"Pasi," alisema. "Sikuichomoa."

Kwa ngurumo ile hakuna aliyemsikia, na wenzake walizidi kushangilia.