Mawe ya Nyumba Iliyoungua

Bi Sijali alitafuta mawe ya kujengea tanuri lake la mikate. Ya mtoni yalipasuka motoni, na matofali yalipoa upesi mno.

"Dada, yanayotunza joto ni yale ya nyumba ya marehemu mdogo wako," alisema fundi Mbaruku. "Yalishapita kwenye moto."

"Moto uliomuua," Sijali alijibu. Hata hivyo akakubali, maana hakuwa na kazi nyingine ya kumlisha ila kuoka mikate.

Mikate ikaiva vizuri. Kisha akaugua, tanuri likakaa siku nyingi bila kuwashwa. Aliporudi, akayagusa mawe. Yalikuwa na joto.

"Nani amewasha?" alimuuliza Mbaruku, aliyekuja kulikagua tanuri.

"Hakuna, dada," alisema, akirudi nyuma.

Sijali akaketi, akayaegemea kwa mgongo. Joto likampanda taratibu hadi mabegani, kama la mtu aliyeegemea upande wa pili.