Meno ya Mtutu

Mwendesha mashtaka alikifungua kile kifuniko kwa vidole viwili, akakifunga, akakifungua tena, kama mtu anayechezea kizibo cha chupa. Kila kilipozunguka, Verl Hadlock alikifuata kwa macho.

Kilikuwa kifuniko cha mtutu wa bastola. Nchani mwa mtutu palichongwa meno ya skrubu, hayazidi ukucha wa kidole gumba, ya kufungia kile kifaa cha kuzima mlio. Nevada, ambako Verl alikuwa na karakana yake ya bunduki, meno hayo hayamnyimi mtu usingizi. Vuka mstari wa mpaka uingie Kalifonia, bastola ile ile inageuka silaha ya kivita, na mwenye nayo anaweza kula miaka mitatu. Verl aliiona sheria hiyo ni upuuzi wa watu waliojifunza bunduki kwenye sinema. Hata hivyo aliijua herufi kwa herufi, maana ndiyo iliyomlisha. Wanaohamia Kalifonia walimletea bastola zao, naye akayafunika meno, akachomelea kifuniko pale pale. Alichochomelea Verl hakikutoka kwa vidole. Hakikutoka hata kwa nyundo.

Mshtakiwa alikuwa mkwewe, Kirby Lunt. Amekaa pale, nywele zinang'aa mafuta, anatafuna jojo mbele ya jaji. Polisi walimsimamisha kwa sababu ya taa ya nyuma iliyokufa, wakakuta bastola chini ya kiti, na kifuniko kinazunguka chenyewe. Kirby alijitetea kwamba baba mkwe wake alikichomelea miaka miwili nyuma; kama kazi imeachia, yeye angejuaje? Risiti hana. Nani anamwandikia mkwe risiti?

Basi yote yakamngoja Verl. Akisema alichomelea, Kirby atakula chakula cha jioni nyumbani kwake. Na atakayempakulia ni Janeen, binti wa Verl.

Janeen alikaa safu ya mbele, amevaa miwani ya jua ndani ya nyumba. Mara tatu mwaka ule alifika kwa baba yake uso umevimba. Kwanza alisema ni farasi, kisha mlango wa kabati, kisha farasi tena, na farasi walikwisha kuuzwa. Mara mbili majirani waliita polisi. Wakaja, wakasimama barazani, wakaongea na Kirby habari za mpira, wakaondoka. Jicho la serikali, Verl aliwaza, linaona nusu inchi ya chuma. Uso wa mtu haliuoni. Alitamani kutema mate. Hapakuwa na pa kutemea ila zulia.

Asubuhi ile ukumbini, Maxine, mama yake Kirby, alimshika mkono akamwomba aseme kweli tu. Nani asiyejua, akasema, kwamba Verl Hadlock hajawahi kudanganya hata mteja mlevi. Hilo lilikuwa kweli. Katika miaka sabini na mmoja hakuwa amejiwekea mali nyingine.

Akala kiapo. Wakili wa Kirby alikuwa na mikono laini inayonukia losheni, mtu asiyejua kutofautisha tupa ya kusugulia chuma na kisu cha siagi. Akampa Verl ule mtutu. Verl akauinua kwenye mwanga, akauzungusha taratibu. Kwa wengine wote ilikuwa mikwaruzo. Yeye aliiangalia mpaka jaji akakohoa.

"Mzee Hadlock, kifuniko hiki ulikichomelea wewe?"

"Hapana."

Wakili akaendelea kutabasamu, kama tabasamu lilikwama. "Labda umesahau, mzee. Ni kazi ya zamani."

"Sijasahau. Aliniambia nikikaze kwa mkono tu, ipo siku atataka kukitoa. Nikamwonya. Akasema polisi wa Kalifonia hata balbu hawajui kuifungua."

Wawili kati ya wale raia kumi na wawili wa kuamua kesi walicheka. Maneno yalifanana na ya Kirby mno. Kirby mwenyewe aliacha kutafuna, akamwita mzee mwongo, na jaji akamwambia akae chini.

Wale raia hawakumaliza hata saa moja. Wakarudi na hatia, na Kirby akapitishwa mlango wa pembeni, mikono nyuma.

Maxine alimngojea Verl ngazini.

"Umeogopa watu waseme kazi yako imeachia," alisema, sauti ya chini kabisa. "Umemfunga mwanangu kwa ajili ya kibao cha duka. Na bado unajiita mwanamume."

Verl akampita, akashuka. Mdomo wake ulikuwa na ladha ya shaba, kama amenyonya ganda la risasi. Kilichomchukiza zaidi hakikuwa mahakama, wala Kirby, wala mama yake. Ni jinsi uongo ulivyomtoka: laini, bila kukwama, kama aliuzoea.

Janeen ndiye aliyeendesha gari. Walipita kituo cha mafuta, wakapita mashamba makavu, wakavuka mpaka wakaingia Nevada. Mwisho Janeen akavua miwani kwa mkono wake wa kushoto, anaoutumia kwa kila kitu, akaiweka mapajani.

"Nilijua utasema ulichomelea, baba," alisema. "Nilikuwa nimeshajiandaa."

"Nilichomelea. Tena vizuri."

Verl alikuwa anatazama barabara.

"Tupa ya mtu wa mashoto, mwanangu, alama zake hulala kinyume na za watu wote," alisema. "Siku nyingine malizia kwa msasa."