Uji wa Ukwaju

Mbinya alisimama katikati ya mistari ya nyanya, kikombe mkononi, akakataa kuondoka.

"Kunywa."

"Nitakunywa nikimaliza laini hii."

"Hata jana ulisema hivyo, baba Syokau. Nikakuta uji umemwagwa mchangani."

Mwangangi alishusha pampu ya dawa kutoka mgongoni, akapokea kikombe na kunywa huku amekunja uso. Uji wa wimbi uliotiwa ukwaju mwingi namna hiyo ulikuwa mchachu mpaka meno yalikufa ganzi. Mkewe hakugeuka kurudi nyumbani mpaka alipoona kikombe ni kitupu.

Ugomvi huu ulianza Ndolo alipozikwa. Ndolo na Mwangangi ndio waliokuwa wakiajiriwa kunyunyiza dawa ya wadudu kwenye mashamba ya nyanya pale Kalamba. Ndolo alianza kwa kuchoka tu. Baadaye macho yakageuka manjano, kifua kikavimba kama cha msichana, wanaume wakamcheka sokoni. Mvua za Novemba zilimkuta tayari ameshazikwa. Mwangangi alisaidia kubeba jeneza, na Jumatatu akarudi shambani na pampu.

Mbinya alilia, akanuna, akanyamaza, akaanza tena. Mumewe hakusikia.

Mapema mwaka wa 1994, mwalimu wa lishe aitwaye Nzilani alikuja kufundisha akina mama kanisani. Aliwaeleza kwamba baadhi ya dawa za shamba zikiingia mwilini hujifanya homoni, zikavuruga mambo, na ini ndilo hubeba kazi ya kuziondoa. Akasema wanasayansi walikuwa wakichunguza vitu fulani vilivyomo kwenye mimea, antioksidanti, kuona kama vinaweza kukinga chembe za ini. Vimo kwenye ukwaju, alisema. Vimo kwenye managu, zile mboga chungu.

"Lakini bado hatujui kila kitu," aliongeza. "Na hii si ruhusa ya mtu kuoga dawa."

Maneno hayo ya mwisho Mbinya hakuyasikia vizuri. Alikuwa anawaza ni wapi pana mti wa ukwaju ambao haujamalizwa na watoto wa shule.

Kuanzia hapo, managu yote aliyochuma yaliishia kwenye sahani ya Mwangangi. Ukwaju wote uliishia kwenye kikombe chake. Yeye alikula ugali na mchuzi wa chumvi, akimwangalia mumewe akisukuma mboga pembeni kama mtoto.

"Hii ni chungu."

"Kula."

"Wenzangu wananiuliza kama nimekuwa mbuzi."

"Waambie ndiyo. Kula. Na ufunike mdomo na kitambaa ukiwa kazini."

"Nikifunika nitapumua na nini?"

Kumlinda mtu asiyetaka kulindwa ni kazi, nayo ilimchosha Mbinya. Aliamka asubuhi kama mtu ambaye hakulala. Chakula kikaanza kumkinaisha. Siku zake za mwezi zikakosekana, zikaja ovyo, zikakosekana tena, na umri wake wa kukoma haukuwa umefika.

"Ni hasira," alimwambia dada yake, Ndululu. "Huyu mwanamume atanimaliza."

Siku moja ya soko, Mwangangi alitoka nje akakuta mkewe ameketi mlangoni juu ya pampu.

"Toka hapo, nimechelewa."

"Leo tunaenda mjini Sultan Hamud ukapimwe damu. Kama hutaki, kanyunyize nyanya na mate."

Walivutana mpaka jua likawa kali. Mwishowe Mwangangi akasema, "Nitadungwa sindano kama na wewe utadungwa."

Alidhani amemweza. Mbinya alikuwa tayari ameshika kitambaa cha kichwa.

Daktari Mugo, mwenye kliniki karibu na stesheni, aliwatoa damu wote wawili akaituma Nairobi. Waliporudi kuchukua majibu, Mbinya alikaa kando ya mumewe. Akilini alikuwa akimwona mjane wa Ndolo, jinsi alivyoanguka pale kaburini.

Daktari alisoma karatasi ya kwanza, akairudia.

"Mzee, ulisema unanyunyiza dawa?"

"Miaka mingi."

"Ini lako liko sawa. Sioni ubaya wowote."

Mwangangi alijipiga paja akacheka. "Si nilikwambia, mama Syokau? Umeninywesha kitu kichachu bure."

Mbinya alishusha pumzi aliyokuwa ameibana tangu Kalamba. Kisha hasira zikampanda upya.

"Bure? Daktari, mwambie ni ule uji. Mwambie asiache. Na afunike mdomo, maana mimi nikisema, kwake ni kama redio imezimwa. Mwambie wewe."

Daktari alikuwa ameshika karatasi ya pili. Aliiweka mezani, akazunguka, akainama mbele ya Mbinya na kuvuta ngozi ya chini ya jicho lake kwa kidole gumba.

"Tatizo liko kwa ini lako, mama," alisema taratibu. "Hebu niambie. Nguo anazovaa mzee akinyunyiza dawa, hufuliwa na nani?"