Maji Yaliyomlea Mwanaidi

Siku hizi kila mtoto mchanga huvishwa kofia inayowaka njano pindi manganisi, yale madini yaliyomo kwenye maji ya kisima, yanapoanza kumzidi ubongoni. Na mlango wa mzazi haumfungulii mtu yeyote anayetumia maji ya kisima mpaka arobaini ipite.

Mwanaidi alikuwa peke yake, akimkorogea bintiye maziwa kwa maji ya kugawiwa, mama yake alipobisha dirishani na chupa ya uji.

"Umepikia maji gani, mama?"

"Ya kisima, yaliyokulea wewe! Kwani wewe una kasoro gani, mwanangu?"

Mwanaidi alicheka, kisha kicheko kikamkauka. Enzi za utoto wake hakukuwa na kofia. Hakuna aliyewahi kumpima. Akashusha pazia taratibu, akamsikia mama yake akikaa kibarazani, akiunywa uji peke yake.