Boila ya Colman

Nuala aliizungusha koki ya tangi la mafuta mpaka ikabaki wazi kiduchu tu, akakung'uta matope kwenye mabuti ya mumewe aliyoyavaa, akarudi jikoni kukaanga soseji. Ilikuwa saa moja na robo asubuhi, Jumatano. Siku ya nne mfululizo.

Dakika kumi baadaye, kwenye kibanda cha nyuma ya nyumba, boila ya kupashia nyumba joto ilikohoa mara mbili ikazima. Mumewe, Colman, akatukana.

"Imezima tena?" Nuala aliuliza kupitia dirishani.

"Si unasikia?"

"Nasikia matusi. Boila siisikii."

Kichomeo cha zamani cha boila kilikuwa kimetumika miaka ishirini na miwili. Jumamosi Colman alikitoa, akafunga kipya kwa mikono yake mwenyewe, akazunguka nyumba nzima akigusa mabomba ya joto kama mtu aliyepata mtoto. Jumapili matatizo yakaanza. Kinawaka vizuri, kinanguruma, halafu kinazima. Jumapili hiyo akabadilisha chujio. Jumatatu akatoa upepo kwenye bomba. Jumanne akafungua nozeli, ule mdomo unaonyunyiza mafuta, akaisugua kwa mswaki wa Nuala, akapangusa na lile jicho dogo linaloangalia kama moto unawaka. Kulifuata bomba mpaka kwenye tangi, nyuma ya ua, hakulifuata. Alikishuku kile kipya tu. Nuala alikuwa ameishi naye miaka thelathini na mmoja. Alijua anapotafuta na asipotafuta.

Ijumaa asubuhi padri alikuwa anakuja kusoma misa sebuleni kwao. Zamu hiyo huzunguka nyumba kwa nyumba, na ikishapita kwako huioni tena mpaka miaka tisa iishe. Majirani wote wangekuja. Asingekuja Fergal, mdogo wa pekee wa Nuala, fundi wa boila, anayekaa maili mbili tu kutoka pale.

Miaka minne iliyopita Fergal alikuwa refa wa fainali ya parokia. Dakika ya mwisho aliwapa wapinzani penalti, na Colman, kocha wa timu iliyofungwa, akamwita mwizi mbele ya askofu. Tangu siku hiyo hawakusalimiana. Fergal aliapa hatavuka kizingiti mpaka Colman amwite kwa mdomo wake. Colman akaapa atamwita siku kikombe kitakaporudishwa.

Nuala alishawabembeleza. Alishalia. Alishawanunia wote wawili Krismasi nzima. Sasa alikuwa anatumia baridi.

"Nyuzi tisa," alisema, akisoma kipimajoto cha sebuleni huku pumzi yake ikitoka kama moshi. "Padri Devane ana mapafu mabovu. Akija hapa Ijumaa, Jumapili tunamzika."

"Nitaitengeneza."

"Ulisema hivyo Jumapili. Au niihamishie misa kwa Bernie Scanlon? Atatusimanga mpaka tufe, lakini angalau kwake kuna joto."

Colman alisimama mlangoni, masizi mpaka masikioni, bisibisi mkononi. Alimtazama mkewe kwa muda, kama mtu anayepima ubao kabla ya kuukata.

"Haya," alisema mwishowe. "Nampigia huyo mwizi."

Akatoa simu, akabonyeza namba aliyoijua kwa kichwa, akatoka nayo nje. Nuala aligeukia sinki asionekane anacheka.

Kabla ya saa nne gari jeupe lilikuwa uani. Mbwa hakubweka, alikwenda kunusa magurudumu, mkia ukicheza. Fergal alishuka na begi la vifaa.

"Mgonjwa yuko wapi, dada?"

"Yupi? Ninao wawili."

Akaingia kibandani, na haikupita dakika kelele zikaanza.

"Ilikuwa penalti! Hata bibi yangu angeiona, na alikuwa kipofu!"

"Kumbe ndiye uliyempa kibendera!"

"Mchezaji wako alimkumbatia mwenzake kama bibi harusi!"

"Alijiangusha! Alikuwa anaanguka tangu Jumatano!"

Kitu cha chuma kikagonga sakafu. Nuala, nyuma ya pazia, alishika rozari akasali kwa haraka, akiruka mafungu mawili. Kisha kikasikika kicheko, cha mtu mmoja, halafu cha wawili.

Hakusubiri amina. Akavaa mabuti, akazunguka nyuma ya ua, akaifungua koki yote. Boila ikanguruma, na safari hii haikunyamaza.

Wanaume waliingia jikoni wakipigana vikumbo mlangoni kama ndama.

"Upepo kwenye bomba," Fergal alitangaza.

"Nilimwambia ni upepo," Colman alisema. "Sikusema upepo, Nuala?"

"Ulisema mengi. Kanawe."

Colman akapanda ghorofani. Mabomba yalianza kulia taratibu yakipata moto. Nuala alimimina chai.

"Kwa hiyo Ijumaa utakuja?"

"Shemeji ameniita kwa mdomo wake. Nitakataaje?"

"Na utakaa mezani naye?"

"Nitakaa. Akinipa soseji, hata ile penalti naweza kuifikiria upya."

Nuala alicheka mpaka machozi yakamlengalenga. Miaka minne, na dawa ilikuwa nusu mzunguko wa koki.

Fergal alinyoosha mkono nyuma yake bila kugeuka, akavuta droo ya tatu kutoka juu, akatoa kijiko.

Nuala aliacha kumimina. Kabati lile lilikuwa limetengenezwa mwaka jana tu.

"Halafu, dada," Fergal alisema akikoroga sukari, "Jumanne ijayo ukienda mazoezi ya kwaya, koki ya tangi usiiguse. Jana mimi na Colman tuliganda humu."