Texas Ni Siku Sitini

Kwa mara ya tatu Sajini Lucien Guidry aliirudisha karatasi ya Texas mbele ya Kapteni Oyler, wakili wa kambi.

"Sajini, hebu nisikilize," Kapteni alisema. "Kwenye vitabu vya jeshi wewe ni mtu wa Texas. Fungua kesi ya talaka kule, siku sitini umemaliza. Hapa North Carolina lazima mkae mbalimbali mwaka mzima kwanza. Mwaka!"

"Najua, Kapteni."

Texas yenyewe aliishi miezi minane tu. Aliandikisha makazi kule kama askari wenzake, kukwepa kodi ya jimbo, akasahau. Sasa ndiyo ilikuwa njia ya mkato, na mkewe Corliss, aliyehamia kwa dada yake Raleigh wiki iliyopita, alikuwa akiisubiri kwa hamu.

Guidry hakusikia uchungu. Hakusikia chochote tangu alipokuta kabati la mkewe tupu. Alikula, alilala, alipiga saluti, basi.

Simu ikalia. Alikuwa Corliss.

"Umeshasaini?"

"Nachukua North Carolina."

"Ati nini? Lucien, una roho mbaya wewe! Hatuna mtoto, hatuna nyumba, unaning'ang'ania wa nini? Nimechoka kuitwa mke wako!"

"Mwaka si mrefu."

"Kwako! Mimi nimetoka hospitali sasa hivi, hata nguvu za kubishana sina. Sema tu unanikomoa."

"Haya. Nakukomoa."

"Mungu anakuona!" Akakata simu.

Kapteni alikuwa amesikia yote. Akashusha pumzi.

"Sajini, samahani nikikwambia ukweli. Mtu akishakutoka moyoni, hata umfunge kamba harudi. Unajiaibisha bure."

"Hatarudi. Hilo nalijua."

"Sasa mwaka mzima wa nini?"

Guidry aliutazama ukuta. Sauti yake ilikuwa ileile ya kuripoti zamu.

"Tumeoana miaka kumi na tisa na mwezi mmoja, yote nikiwa jeshini. Ikitimia ishirini, mke aliyeachika anabaki na kadi ya matibabu ya jeshi, sivyo?"

Kapteni akafungua faili, akaitafuta tarehe ya ndoa, akahesabu polepole kwa vidole.

"Asipoolewa tena, anabaki nayo."

"Na kusafishwa figo, mara tatu kwa wiki, kumo?"