Koili ya Marehemu

Mdogo alifungua skrubu ya mwisho, akainua kifuniko cha msumeno wa injini, akachungulia. Unga wa mbao, mafuta yaliyoganda, na pengo pale pale lilipokuwa jana na juzi. Akamlaani kaka yake kwa sauti, ndipo akaanza kazi.

Walimwita Mdogo ingawa kichwa kilikuwa kimejaa mvi, kwa kuwa kaka yake aliitwa Mkubwa, na hakuna kilichomkera maishani kama hicho.

Baba yao alipasua mbao kwa msumeno ule miaka thelathini, na kila kifaa chake alikipiga alama tatu za msumari ili wezi waone haya. Msumeno ukachoka, ukala kutu. Alipolala kitanda cha mwisho, akijua wanawe hawapikiki chungu kimoja, alitoa neno mbele ya mashahidi: atakayeufanya ulie tena, karakana na kiwanja ni vyake. Mpaka siku hiyo, pasiguswe hata tofali moja. Wafanye zamu, wiki hii huyu, wiki ijayo yule.

Baada ya maziko walikifungua kifuniko wote wawili, wakakuta koili, ile inayoipa plagi cheche, imenyofolewa. Wakatazamana. Tangu hapo ni miaka minne, hawajasalimiana. Watu husema damu nzito kuliko maji. Ya hawa wawili ilikuwa imeganda kabisa.

Mkubwa alishachora maduka sita ya kupangisha kwenye kile kiwanja. Mdogo alishapata mnunuzi, na lori atakalonunua alilijua mpaka rangi. Chumba cha nyuma ya karakana alikaa mama yao na cherehani yake. Watu walipouliza habari zake, Mkubwa alisema atatafutiwa pa kukaa. Mdogo naye alisema vivyo hivyo, na hilo ndilo jambo pekee walilowahi kukubaliana.

Haki ya Mungu, Mdogo alijituma. Alisugua kutu, akaisafisha kabureta kwa sindano, akatafuta pete za pistoni miezi minane. Na kwa kuwa msumeno ni mmoja, kila alichotengeneza kilimfaa Mkubwa pia, jambo lililomkosesha usingizi. Ilibaki koili tu, na ya msumeno mwingine haikai. Waliotengeneza msumeno wenyewe walishafunga kiwanda zamani.

Mara mbili aliipata. Ya kwanza ilikuwa kwa muuza vyuma chakavu, ya pili kwa mjane wa bwana misitu. Mara zote mbili alifika akaambiwa imeshaondoka jana, imepakiwa kwenye basi, imelipiwa kwa simu na karakana ya marehemu. Karakana ya marehemu! Nani mwingine, kama si Mkubwa?

Sasa ameipata ya tatu, kwa mwalimu mstaafu wa ufundi. Mdogo alikuwa akisafisha pengo lake tayari kuipokea, na moyo ulimjaa hata akashindwa kunyamaza. Mama, aliyekuwa akishona suruali ya mtu mlangoni, mguu mmoja kwenye pedali na mwingine juu ya lile debe lake la vifungo, alimuuliza hii nayo ameipata wapi. Mama ni mama, huuliza. Mdogo akamweleza yote: mwalimu, mji, mpaka rangi ya geti lake.

"Hizo skrubu usikaze sana, mwanangu," mama alisema bila kuinua macho. "Uzi utaliwa."

Mdogo akacheka. Miaka yote ya kuishi na baba, mama alikuwa ameokota maneno mawili matatu. Koili yenyewe angeonyeshwa, angedhani ni kifungo cha koti.

Kesho yake alitoka na basi la kwanza. Mwalimu alimpokea vizuri, akampa kiti, akamwomba radhi. Imeondoka jana jioni. Karakana ya marehemu.

Alirudi hajala, hajanywa. Alimkuta Mkubwa chumbani kwa mama, anapimwa shati.

"Toa koili zangu," Mdogo alisema. Yalikuwa maneno yake ya kwanza kwa kaka yake katika miaka minne.

"Zako?" Mkubwa aligeuka na futi ya mama ikining'inia shingoni. "Nimefuata mbili kwa miguu yangu hii. Kila nikifika naambiwa karakana ya marehemu imeshachukua. Mwizi wewe, ulianza na ya baba, sasa unazimaliza zote."

Mtu mwenye akili zake angesimama hapo kidogo, akafikiri. Mdogo alimkwida. Mkubwa akamrudishia kofi la miaka minne. Wazee wazima hao, mmoja na kitambi, mwingine na mvi, wakavutana mashati na kutukanana matusi ambayo mama mzazi hapaswi kuyasikia. Waliangusha kiti. Waliangusha pasi. Mama alirudi kwenye cherehani yake, akaendelea kushona, kama mtu anayesubiri mvua ipite.

Kisha Mkubwa akateleza, na mgongo wake ukalipiga debe la vifungo.

Vifungo vilimwagika chumba kizima. Nyuma yake zikatoka koili, moja, mbili, mpaka tano, kila moja imefungwa vizuri kwa kitambaa. Ya sita kitambaa chake kilikuwa kimechakaa, kikafunguka chenyewe miguuni mwa Mdogo. Ilikuwa na alama tatu za msumari.

"Ziokoteni," mama alisema, cherehani ikiendelea kulia. "Ziko sita. Na vifungo vyangu pia."